Amonia, molekuli isiyotulia: Jinsi hesabu ya ulinganifu inavyofichua gesi za boma na za Ziwa Natron

HARUFU kali inayomkabili mtu anapoingia katika boma la mbuzi au la ng'ombe alfajiri si ngeni kwa mkazi yeyote wa Mashuuru, upande wa mashariki wa Kaunti ya Kajiado. Ni harufu ya amonia, gesi inayotokea pale viini vidogo vya udongoni vinapovunjavunja mkojo wa mifugo. Mfugaji huizoea na kuisahau. Mwanasayansi, kwa upande wake, ameihangaikia kwa karibu karne nzima, kwa kuwa molekuli ya gesi hii haikai kitako katika umbo moja.

Gesi iyo hiyo hutoka kwa wingi upande wa pili wa kaunti, kwenye tope la Ziwa Natron. Ziwa hilo limo nchini Tanzania, mkabala na mpaka wa Kajiado, na hupokea maji ya mto Ewaso Ng'iro Kusini unaotiririka kutoka Kenya kupitia Shompole. Mnamo Desemba 2018, watafiti wakiongozwa na Martin Van Damme na Lieven Clarisse wa Chuo Kikuu Huru cha Brussels, Ubelgiji, walichapisha katika jarida la Nature ramani ya vituo 248 duniani vinavyotoa amonia kwa wingi. Karibu vyote vilikuwa viwanda, hasa vya mbolea, na mashamba makubwa ya mifugo. Chanzo kimoja tu kilikuwa cha asili, nacho kilikuwa Natron.

Ramani hiyo ilichorwa kutokana na vipimo vya setilaiti zinazopita umbali wa takriban kilomita 817 juu ya ardhi. Setilaiti haina pua. Imetambuaje basi kwamba gesi iliyo juu ya tope la Natron ni amonia, wala si mvuke wa maji au hewa ya ukaa? Jibu limo katika spektra, yaani mpangilio wa mistari ya mwanga ambayo molekuli hufyonza au kutoa. Nao ufunguo wa kuisoma mistari hiyo ni tawi la hisabati liitwalo nadharia ya makundi, ambalo kazi yake ni kuhesabu ulinganifu wa vitu.

Chapa ya kila molekuli

Wafugaji wa Kimaasai huwatia ng'ombe wao chapa na kuwakata masikio kwa namna maalumu, ili mnyama akipotea malishoni atambulike ni wa ukoo gani. Molekuli nazo zina chapa. Tofauti ni kwamba hazikutiwa na mtu, bali hutokana na umbo na miendo yao.

Kila molekuli huzunguka na kutetema. Kwa mujibu wa fizikia ya kwantumu, haiwezi kuzunguka au kutetema kwa nguvu yoyote ile ipendayo. Ina ngazi maalumu za nishati, mithili ya mtu apandaye ngazi ambaye hana budi kukanyaga kidato kimoja au kingine na hawezi kusimama katikati. Mwanga unapoipiga, molekuli hufyonza rangi zile tu ambazo nishati yake inalingana na tofauti baina ya vidato viwili. Rangi zilizofyonzwa huacha pengo katika mwanga, na pengo hilo ndilo mstari wa spektra.

Sehemu kubwa ya rangi hizo haionekani kwa jicho. Mitetemo ya molekuli huangukia katika miali ya infraredi, ile ile tunayoihisi kama joto kutoka kwa makaa au mwamba uliochomwa na jua. Mizunguko nayo aghalabu huangukia katika mawimbi mafupi ya redio. Wanasayansi hupenda kuitambulisha miali ya infraredi kwa kutaja ni mawimbi mangapi yanayoweza kupangwa katika urefu wa sentimita moja. Kadiri idadi inavyokuwa kubwa ndivyo nishati inavyozidi.

Molekuli ndogo yaweza kuwa na maelfu ya mistari. Kuipima yote bila kujua asili yake ni sawa na kuwa na kundi kubwa la ng'ombe bila kujua chapa ipi ni ya nani. Hapo ndipo ulinganifu unapohitajika.

Kigoda cha miguu mitatu

Chukua kigoda cha miguu mitatu, kama vile vinavyochongwa na mafundi wa Kikamba, majirani wa Mashuuru. Tuseme miguu yote inafanana kabisa na imepangwa kwa umbali sawa. Ukikizungusha theluthi moja ya duara, kitaonekana kama hakikuguswa. Ukikizungusha theluthi mbili, vivyo hivyo. Ukisimamisha kioo wima kipite katikati ya kalio na juu ya mguu mmoja, nusu ya upande huu itakuwa taswira kamili ya nusu ya upande ule. Vioo vya namna hiyo ni vitatu, kimoja kwa kila mguu.

Ukijumlisha mizunguko miwili, vioo vitatu, na tendo la kukiacha kigoda kama kilivyo, unapata matendo sita. Matendo hayo yana sifa moja muhimu: ukifanya moja kisha jingine, matokeo yake ni mojawapo ya yale yale sita. Kila tendo pia lina lile linalolitengua. Mkusanyiko wenye sifa hizo ndio unaoitwa kundi katika hisabati. Dhana hiyo iliasisiwa na kijana Mfaransa, Évariste Galois, aliyefariki mwaka 1832 akiwa na umri wa miaka 20, akishughulikia milinganyo ya aljebra bila habari yoyote ya molekuli.

Karibu miaka mia moja baadaye, wanafizikia, miongoni mwao Hermann Weyl na Eugene Wigner, walionyesha kwamba makundi hayo yanatawala ngazi za nishati za atomu na molekuli. Wigner alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1963. Hoja yao ilikuwa nyepesi kuieleza: ikiwa matendo sita hayabadilishi chochote katika kigoda, basi kila mtetemo na kila mzunguko wake hauna budi kuwa wa aina fulani kulingana na unavyoitikia matendo hayo. Kundi la matendo sita ya kigoda lina aina tatu tu. Basi hata mistari iwe maelfu, kila ngazi ya nishati itaangukia katika mojawapo ya aina hizo.

Molekuli ya amonia ni kigoda cha namna hiyo. Kalio ni atomu moja ya naitrojeni, na miguu ni atomu tatu za haidrojeni. Kwa miaka mingi ilitosha kuihesabia matendo sita. Lakini spektra yake ilikataa.

Mwavuli unaopinduka

Katika miali ya infraredi, amonia ina mtetemo mmoja mashuhuri ambapo miguu mitatu hufunguka na kufumba kama mbavu za mwavuli. Kigoda kigumu kingetoa kwa mtetemo huo mstari mkuu mmoja, karibu na mawimbi 950 katika sentimita. Vipimo vilionyesha mistari mikuu miwili, mmoja karibu na 932 na mwingine karibu na 968, na baina yao hapana mkuu.

Sababu ni kwamba amonia si kigoda kigumu. Ni mwavuli uliopatwa na upepo. Naitrojeni hupita katikati ya haidrojeni tatu na kutokea upande wa pili, mwavuli ukapinduka nje ndani, kisha hurudi tena. Kuna kizuizi cha nishati kinachotenganisha hali hizo mbili, nacho ni kirefu kuliko nishati iliyo nayo molekuli katika hali yake ya chini. Mpira ungegonga ukuta na kurudi. Molekuli, kwa kuwa inatii sheria za kwantumu, hupenya ukuta bila kuupanda. Mjerumani Friedrich Hund alieleza jambo la namna hii mwaka 1927.

Upenyaji huo hugawanya kila ngazi ya nishati kuwa pacha, mmoja juu kidogo ya mwenzake. Katika hali ya chini kabisa, tofauti baina ya pacha hao ni ndogo sana, chini ya wimbi moja katika sentimita. Inalingana na mawimbi ya redio yanayopiga takriban mara bilioni 24 kwa sekunde. Mtetemo wa mwavuli unapoamshwa, ukuta unakuwa rahisi zaidi kupenywa, na pacha hutengana kwa mawimbi yapatayo 36. Ndiyo maana mistari ya 932 na 968 iko mbalimbali kiasi kile.

Mwaka 1934, Claude Cleeton na Neal Williams wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, waliupima mruko wa pacha wa chini kwa mawimbi mafupi ya redio, wakafungua uwanja mpya wa sayansi. Mwaka 1949 Marekani ilitangaza saa ya kwanza iliyoendeshwa na molekuli, nayo ilitumia mruko huo wa amonia. Mwaka 1954 Charles Townes na wenzake katika Chuo Kikuu cha Columbia walitumia pacha hao kuunda meza, chombo kilichotangulia leza. Townes alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1964 pamoja na Warusi Nikolay Basov na Aleksandr Prokhorov.

Swali la Longuet-Higgins

Hata hivyo, mafanikio hayo yaliacha tatizo la msingi. Nadharia ya makundi ilikuwa imejengwa juu ya umbo. Unachukua molekuli, unaitazama kama sanamu iliyoganda, unahesabu mizunguko na vioo. Je, ufanyeje na kitu ambacho hakina umbo moja? Mwavuli ulio katikati ya kupinduka una ulinganifu gani?

Jibu lilitolewa mwaka 1963 na mwanakemia Mwingereza, Christopher Longuet-Higgins, katika jarida la Molecular Physics. Alipendekeza kuachana na umbo na kutazama majina. Zipe atomu zinazofanana namba, kisha uulize ni kwa njia ngapi zinaweza kubadilishana nafasi, pamoja na tendo la kugeuza molekuli nzima kuwa taswira yake ya kinyume, kila atomu ikihamishwa upande wa pili wa kitovu. Jumla ya njia hizo yaweza kuwa kubwa mno. Lakini si zote zinazotukia. Molekuli hufanya zile tu ambazo kizuizi chake kinapenyeka ndani ya muda ambao vyombo vyetu vinaweza kuona. Hizo ndizo za kuhesabu.

Turejee kwenye kigoda. Zipe atomu tatu za haidrojeni namba 1, 2 na 3. Ukitazama kutoka upande wa naitrojeni, tuseme namba zinasomeka kufuata mwendo wa saa. Ukikizungusha kigoda utakavyo, bado zitasomeka hivyo. Ili zisomeke kinyume cha saa, fundi angelazimika kung'oa miguu miwili na kuibadilisha. Lakini mwavuli ukipinduka, naitrojeni imehamia upande wa pili, na ukitazama kutoka kwake utasoma 1, 2, 3 kinyume cha saa. Kwa hiyo kupinduka kunafanya kile ambacho kigoda kigumu hakiwezi kukifanya bila kung'olewa miguu.

Namba tatu zinaweza kupangwa kwa njia sita, na kila moja yaweza kuambatana na kugeuza au kutogeuza. Jumla ni 12. Amonia iliyoganda ingefanya sita. Amonia halisi hufanya zote 12. Kundi limekuwa maradufu, na ndiyo sababu kila ngazi imezaa pacha.

Fosfini, gesi yenye umbo la kigoda vilevile lakini yenye fosforasi mahali pa naitrojeni, ina kizuizi kirefu zaidi mara kadhaa. Kupinduka kwake ni polepole mno. Kwa kazi nyingi za maabara inahesabiwa matendo sita. Maumbo ya gesi hizo mbili yanafanana ilhali makundi yake yanatofautiana. Hiyo ndiyo hoja nzima ya Longuet-Higgins: kinachohesabiwa ni mwendo, si sanamu.

Mistari iliyoruhusiwa na isiyokuwapo

Kundi likishapatikana, linatoa huduma tatu. Kwanza linaeleza ni mistari gani inayoruhusiwa. Mwanga hushika molekuli kupitia ncha zake mbili za umeme, upande mmoja ukiwa hasi na mwingine chanya. Mwavuli wa amonia ukipinduka, ncha hizo hubadilishana pande. Kutokana na hilo, mwanga unaohusika na mtetemo wa mwavuli huweza tu kumrusha pacha wa chini hadi kwa pacha wa juu wa ngazi inayofuata, au pacha wa juu hadi kwa pacha wa chini. Miruko mingine imepigwa marufuku. Kati ya miruko minne mtu aliyoweza kuibuni, inabaki miwili, na ndiyo ile ya 932 na 968.

Pili, kundi hueleza ni mistari gani isiyokuwapo kabisa. Viini vya haidrojeni ni protoni, na sheria ya kwantumu inadai kwamba protoni mbili zikibadilishana nafasi, hesabu nzima ya molekuli ibadilike alama kutoka chanya kuwa hasi. Ngazi isiyotimiza sharti hilo haiwezi kuwapo. Kwa sababu hiyo, amonia isiyozunguka kuhusu mhimili wake wa kati humpoteza mmoja wa pacha, na mstari wa redio unaotarajiwa pale hauonekani. Si kwamba chombo ni kibovu. Ngazi yenyewe haipo.

Tatu, kundi hueleza nguvu ya mistari. Hali za amonia hugawanyika katika jamaa mbili kulingana na jinsi protoni zake zilivyoelekea, na ngazi za jamaa ya kwanza zina uzito maradufu wa zile za pili. Anayepima kiasi cha gesi kutokana na giza la mstari, asipoujua uzito huo, atakosea hesabu mara mbili.

Natron kutoka angani

Sasa yawezekana kuelewa kazi ya setilaiti. Chombo kiitwacho IASI, kilichoundwa na shirika la anga la Ufaransa, CNES, kwa ushirikiano na EUMETSAT, shirika la setilaiti za hali ya hewa la Ulaya, kilirushwa mara ya kwanza Oktoba 2006 kwenye setilaiti ya Metop-A. Vingine viwili vilifuata mwaka 2012 na 2018. Chombo hicho hakitoi mwanga wake. Hutazama joto linalopaa kutoka ardhini na kuligawa katika rangi zaidi ya 8,000 za infraredi. Amonia iliyopo njiani hukata vipande vya joto hilo, na makato mazito zaidi yanaonekana karibu na mistari ile ile ya 932 na 968.

Mtu aliyedhani amonia ni kigoda kigumu angetafuta mstari mkuu karibu na 950 na asiupate. Pengine angesema hakuna amonia. Pengine angeidhania gesi nyingine. Orodha ya mistari ambayo programu za setilaiti hulinganisha nayo imejengwa juu ya kundi la matendo 12, pamoja na miruko yake iliyoruhusiwa, ngazi zake zilizokosekana na uzito wa kila moja.

Kila doa linalotazamwa na IASI lina upana wa takriban kilomita 12. Kwa kuunganisha vipimo vya miaka mingi, watafiti waliweza kuona ndani ya madoa hayo na kutambua chanzo kilicho finyu. Katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Scientific Reports, walieleza kwamba amonia ya Natron inahusishwa na tope la magadi linaloachwa wazi maji yanapopungua. Mabaki ya viumbe hai huoza humo. Kwa kuwa maji yana magadi makali, naitrojeni ambayo katika maji ya kawaida ingebaki imeyeyuka hugeuka gesi na kupaa.

Gesi nyingine za boma

Si amonia peke yake inayotoka bomani. Ng'ombe anapocheua hutoa methani, na samadi iliyorundikana hutoa oksidi ya naitrasi. Zote mbili huchangia ongezeko la joto duniani. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, yenye makao jijini Nairobi, hupima gesi hizo katika kituo chake kiitwacho Mazingira na katika shamba lake la Kapiti, Kaunti ya Machakos, karibu na mpaka wa Kajiado. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Nature Communications ulionyesha kwamba maboma ya nchi kame huendelea kutoa oksidi ya naitrasi kwa miongo kadhaa baada ya wafugaji kuhama.

Kwa upande wa ulinganifu, gesi hizi ni tulivu. Methani ni kaboni iliyozungukwa na haidrojeni nne zilizo kwenye pembe za piramidi. Namba nne zikipangwa na kugeuzwa kwa kila njia hutoa matendo 48, lakini kizuizi ni kirefu kiasi kwamba 24 tu ndiyo yanayotukia. Oksidi ya naitrasi ni kijiti kilichonyooka chenye naitrojeni mbili na oksijeni moja mwishoni. Kwa kuwa ncha zake hazifanani, aina zake zote za mitetemo huonekana katika infraredi. Hewa ya ukaa pia ni kijiti kilichonyooka, lakini kaboni iko katikati ya oksijeni mbili zinazolingana, na mtetemo wake ambapo pande zote hunyooka pamoja haufyonzi miali hiyo.

Ulinganifu ndio unaoeleza pia kwa nini naitrojeni na oksijeni za hewa tunayovuta, ambazo ni takriban asilimia 99 ya hewa kavu, hazizuii joto la dunia. Kila moja ni atomu mbili zinazofanana, na mtetemo wake hauzai ncha za umeme ambazo mwanga ungeweza kuzishika.

Methanoli, molekuli inayoua

Iko molekuli nyingine isiyotulia ambayo Wakenya wameijua kwa machozi. Methanoli ni pombe ya viwandani. Ikichanganywa na chang'aa au vileo vingine haramu, mwili huigeuza kuwa asidi inayoharibu neva za macho na kuua. Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi na wengine kupofuka. Mwaka 2005 makumi walifariki katika eneo la Machakos, na Mei 2014 makumi wengine katika kaunti za kati na mashariki mwa nchi. Kwa ladha na harufu, mnywaji hawezi kuitenganisha na ethanoli, pombe ya kawaida.

Methanoli ina kichwa cha haidrojeni tatu kinachozunguka juu ya shingo ya kaboni na oksijeni kama pia. Ikiwa imeganda, ulinganifu wake ni wa matendo mawili tu: kuachwa kama ilivyo na kioo kimoja. Lakini kichwa hicho hupenya kutoka nafasi moja hadi nyingine kati ya tatu zinazolingana. Kwa hesabu ya Longuet-Higgins, matendo yanayotukia ni sita. Kila ngazi hugawanyika, safari hii kwa namna ya theluthi badala ya pacha, na gesi ya methanoli hutoa msitu wa mistari ambao wanaastronomia huutumia kuitambua katika mawingu ya angani.

Katika vimiminika, migawanyiko hiyo midogo hupotea kwa kuwa molekuli zinasukumana. Mitetemo mikuu hata hivyo hubaki. Methanoli ina mstari wenye nguvu karibu na mawimbi 1,030 katika sentimita, na ethanoli ina mstari karibu na 880 ambao methanoli haina. Maabara za uchunguzi aghalabu hutegemea mtambo unaotenganisha mvuke wa vimiminika kabla ya kuvipima, lakini vipimo vya mwanga vinaweza kutoa jibu la haraka kabla ya chupa kufunguliwa. Aliyekunywa kileo cha kutiliwa shaka na kuanza kuona ukungu hana haja ya spektra; anapaswa kukimbizwa hospitalini mara moja.

Pale hesabu inapogota

Isidhaniwe kwamba nadharia hii imemaliza kazi. Ipo ayoni ya methani iliyoongezewa protoni moja, yenye kaboni moja na haidrojeni tano. Haidrojeni hizo hubadilishana nafasi bila kukoma, na hakuna mpangilio uliokatazwa. Tano zikipangwa kwa njia zote hutoa 120, na zikiambatana na kugeuza ni 240. Matendo yote 240 hutukia. Kundi la Takeshi Oka katika Chuo Kikuu cha Chicago lilipochapisha spektra yake mwaka 1999, lilionyesha mamia ya mistari isiyokuwa na mpangilio wa kueleweka.

Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cologne, Ujerumani, waliipoza ayoni hiyo hadi karibu na sufuri kamili ya baridi ili kupunguza mistari, wakafanikiwa kutambua baadhi ya tofauti za ngazi zake za chini. Baadaye, baadhi yao walipendekeza kuitazama kama kitu kinachozunguka katika anga ya vipimo vitano badala ya vitatu. Mjadala huo ungali unaendelea.

Faida kwa mfugaji

Huenda msomaji akauliza haya yote yanamhusu nini mchungaji wa Mashuuru, ambaye ukame wa 2020 hadi 2022 ulimpokonya mifugo yake. Yanamhusu kwa sababu gesi za boma sasa zina bei. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilifanyiwa marekebisho mwaka 2023 ili kusimamia biashara ya hewa ya kaboni, na mikataba ya namna hiyo huwafikia wenye ardhi za malisho. Malipo au lawama hutegemea takwimu za gesi, nazo takwimu hutegemea vipimo. Kipimo nacho hakiwi sahihi ila mistari ihesabiwe sawasawa.

Ramani ya 2018 ilionyesha wazi umuhimu huo. Doa la amonia lililo kando ya nyanda za wafugaji lingeweza kubandikwa ng'ombe kwa haraka. Uchunguzi wa makini ulibaini kuwa lilikuwa la ziwa. Hitimisho hilo lilifikiwa na watu waliojua mwavuli wa amonia una matendo mangapi, mistari yake iko wapi, na ipi kati yake haipaswi kuonekana. Anayeletewa mkataba wa kaboni kutia sahihi ana haki ya kuuliza gesi zake zilipimwaje, na kwa mistari ipi.